Taylor Hebert Hagombei Kiti Chochote

Msomaji yeyote wa riwaya za mfululizo zinazotoka mtandaoni amekutana na sentensi hii, na huenda ameiandika mwenyewe: "Jamani, huyu si ndiye fulani kabisa?" Sura mpya imetoka usiku. Ndani yake mtawala wa mji wa kubuni amesimama mbele ya watu wenye njaa, akawaahidi ulinzi, akawatajia adui. Kufika asubuhi mjadala umeshauhama mji ule na kuingia kwenye uchaguzi wa kweli wa nchi ya kweli. Wako wanaoshangilia kwamba hatimaye mwanasiasa wao ameandikwa alivyo, na wako wanaong'aka: tuachieni hadithi yetu, siasa tunazisikia huko kote.

Nimewahi kukaa kambi zote mbili, wakati mwingine ndani ya wiki moja. Kwa hiyo asitarajie mtu hukumu ya hakimu asiye na upande.

Kwanza tuelewane kuhusu ukubwa wa kazi hizi. Worm, ya mwandishi wa Kanada John McCrae anayejulikana zaidi kwa jina la Wildbow, ilianza kutoka Juni 2011 ikaisha Novemba 2013, mara mbili kwa wiki, wiki nyingine mara tatu, hadi ikapita maneno milioni 1.6. A Practical Guide to Evil, mfululizo mwingine wa mtandaoni, ilianza 2015 ikafungwa 2022. Aliyeanza kuisoma akiwa mwanafunzi aliimaliza akiwa mtu mzima mwenye haki ya kupiga kura, na katikati ya hapo serikali zilianguka, vyama viligawanyika, marais waliingia na kutoka. Sura ilisomwa alfajiri, habari zikasomwa mchana, na vyote viwili vikalala kwenye kichwa kimoja. Mhusika na mwanasiasa wanaoishi pamoja hivyo kwa miaka hawakosi kufananishwa. Sioni basi faida ya kubishana kama mashabiki wafananishe au wasifananishe. Watafananisha. Cha kujiuliza ni kwamba wanapowaweka wawili hao kwenye mizani, wanapima nini hasa.

Mchukue Taylor Hebert wa Worm. (Kama hujaisoma na unapanga kuisoma, ruka aya tatu.) Ni msichana wa miaka 15 anayeonewa shuleni, ambaye anapata uwezo wa kuwaamuru wadudu. Anajiunga na genge la wahalifu akisema moyoni kwamba anakwenda kulipeleleza, kisha taratibu anakuwa mmoja wao. Mji wao, Brockton Bay, unapovunjwavunjwa na dubwana liitwalo Leviathan na serikali ikashindwa kuuinua, Taylor anachukua eneo lake. Analisha watu, anasimamia usafi na ukarabati, anayafukuza magenge ya dawa za kulevya, anamwadhibu anayewagusa watu wake. Watoto wanalala usingizi. Na hakuna hata mmoja aliyempigia kura.

Hapo ndipo watu wanapogawanyika. Shabiki mmoja anaona kiongozi wa vitendo, asiyengoja vikao, na anamtaja rais anayempenda. Mwingine, kwa sura ileile, anaona dikteta mchanga, na anamtaja rais yuleyule kwa chuki. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na ngozi ya ngoma hii ni laini, inavutika pande zote.

Sasa mtazame Alexandria, ndani ya riwaya hiyohiyo. Ni shujaa anayependwa na umma. Kwa jina jingine, bila umma kujua, ndiye mkuu wa taasisi ya serikali inayosimamia mashujaa. Na kwa siri ya tatu ni mwanachama wa Cauldron, kikundi kinachoteka watu na kuwafanyia majaribio kwa hoja kwamba bila hivyo wanadamu wote wataangamia. Nani anamkagua mtu ambaye anaongoza chombo kilichopaswa kumkagua? Hapa ulinganisho unauma kweli, na sababu yake ni kwamba hauhitaji kuingia moyoni mwa mtu. Hatuulizi Alexandria ni mwema au mbaya. Tunauliza ameshika viti vingapi, na vipi kati ya hivyo havikupaswa kushikwa na mtu mmoja. Swali hilo unaweza kulibeba hadi serikali yoyote duniani, likakuletea jibu unaloweza kulihakiki kwenye kumbukumbu za umma.

Wanaotetea ulinganisho wana hoja nzito kuliko wanavyopewa sifa. Ya kwanza ni ya kale: pale ambapo kumtaja mkubwa kwa jina ni hatari, mhusika hukopesha jina lake. Jeshi lilipopindua serikali ya Thailand Mei 2014, waandamanaji waliinua vidole vitatu, ishara waliyoitoa kwenye filamu za The Hunger Games, na vidole hivyo vikaonekana tena Myanmar baada ya mapinduzi ya 2021. Huko China, tangu 2013 watu walimfananisha Xi Jinping na dubu wa hadithi za watoto, Winnie the Pooh, na kufikia 2017 dubu mwenyewe akawa anafutwa kwenye mitandao ya nchi hiyo. Anayesema ulinganisho ni mchezo wa watoto awaulize wanaoufuta.

Hoja ya pili ndiyo ninayoipenda, na sijaona ikitajwa inavyostahili. Riwaya ya mfululizo inaonyesha ngazi. Habari zinakupa matukio yaliyokwishaiva: waziri amejiuzulu, waziri amekataa kujiuzulu, msemaji ametoa taarifa. Hazikuonyeshi kidato kwa kidato jinsi mtu alivyofika alipofika. A Practical Guide to Evil inamfuata Catherine Foundling, yatima wa Callow, nchi iliyovamiwa na kutawaliwa na himaya ya Praes. Anakubali kuwa mwanafunzi wa Black Knight, yuleyule aliyeiteka nchi yake, kwa imani kwamba akiwa ndani atawakinga watu wake vizuri kuliko akiwa nje. Vitabu saba vinahesabu gharama ya uamuzi huo. Kuna siku analipa kwa rafiki, kuna siku kwa kanuni, na kuna siku wanalipa watu wengine kabisa ambao hawakuulizwa.

Aliyepitia ngazi hizo zote, siku akimsikia mwanasiasa akisema "nilibaki serikalini ili mambo yasiwe mabaya zaidi", sikio lake haliwi lile la zamani. Hawezi kumcheka tu, maana anajua kwamba hoja hiyo huwa na ukweli ndani yake. Wala hawezi kumwamini tu, kwani anajua kidato kinachofuata. Atauliza: ulizuia nini, lini, na nani alilipa? Sijui ni somo gani la uraia linalomfikisha kijana wa miaka 17 kwenye maswali hayo haraka kiasi hicho.

Upande wa pili nao haukosi hoja, ingawa mara nyingi unaanza na ile dhaifu, kwamba siasa zinachafua sanaa. Hiyo naipita. Sanaa imekula meza moja na siasa tangu zamani, na haijawahi kuomba itengewe sahani yake.

Hoja yao ya tarehe ni bora. Worm ilikwisha Novemba 2013. Mashabiki wanaokuja nayo leo na kumwona ndani yake mwanasiasa aliyeibuka miaka mingi baadaye husema mwandishi alitabiri. Hakutabiri. Aliandika tamaa, hofu na umati, vitu ambavyo havina tarehe ya kwisha. Kosa hapa ni kumpachika mwandishi nia ambayo hakuwa nayo. Tuna mfano mzuri wa kinyume chake ndani ya Kiswahili chetu. Shaaban Robert alipochapisha Kusadikika mwaka 1951, chini ya utawala wa Waingereza, alimsimamisha Karama mbele ya baraza akishtakiwa na Majivuno, waziri mkuu wa nchi isiyokuwepo, kwa kosa la kufundisha watu elimu ya sheria. Fumbo lile lilifungwa na mwandishi, likaachiwa wasomaji walifungue. Shabiki wa riwaya za mtandaoni mara nyingi hufunga mwenyewe na kufungua mwenyewe, kisha anashangaa jinsi lilivyofunguka kirahisi. Si dhambi kufanya hivyo. Ila aseme "mimi naona", asiseme "mwandishi alimlenga".

Lakini hoja iliyonitoa kambi ya watetezi na kunifanya nisimame mlangoni ni nyingine. Taylor anasimulia mwenyewe. Kwa nafsi ya kwanza, sura baada ya sura, tunaisikia hofu yake kabla ya kila pigo na majuto baada yake. Tunajua kwamba alipomtisha fulani alikuwa anatetemeka. Hakuna mwanasiasa ambaye amewahi kusomwa na mtu yeyote namna hiyo. Tunachojua kwake ni hotuba zilizoandikwa na wengine, picha zilizochaguliwa, kura alizopiga, watu aliowateua, mikataba aliyotia saini. Ukisema "fulani ni Taylor", umemkabidhi maneno milioni na zaidi ya sababu njema ambazo hajawahi kuzitamka. Umempa moyo wa mtu mwingine avae.

Na kinyume chake ni hivyohivyo. Ukimwita mwanasiasa usiyempenda Coil, yule tajiri wa kivulini wa riwaya hiyo anayemfungia mtoto ndani ili amtabirie mambo yajayo, umemvisha uovu ambao mwandishi ameuthibitisha kwa mkono wake. Katika riwaya hakuna wa kukata rufaa. Katika siasa uovu unatakiwa kuonyeshwa, tendo kwa tendo, hata kama wewe na rafiki zako wote mna hakika nao.

Kuna jambo jingine linalosahaulika: mwandishi anadhamini hatari. Cauldron wanapofanya unyama wao kwa jina la kuokoa dunia, msomaji anajua kwamba janga lipo, kwa sababu mwandishi ameliweka. Mjadala unabaki kama unyama ule ulikuwa wa lazima. Kwenye siasa, hatari hutangazwa na yuleyule atakayefaidika tukiiogopa. Adui yupo? Ni mkubwa kiasi hicho? Yuko karibu kiasi hicho? Haya ndiyo maswali ya kwanza kwa mwananchi, na ndiyo hasa ambayo riwaya imekwisha kumjibia msomaji kabla hajafungua mdomo. Anayehamisha mhusika kutoka kitabuni kwenda bungeni bila kuangalia huhamisha na dubwana lake, ambalo kitabuni halikuwa la uongo.

A Practical Guide to Evil inalifanya hili lionekane kwa namna ya kuchekesha. Katika ulimwengu wake mkondo wa hadithi ni nguvu halisi, kama mvuto wa ardhi. Wahusika wanajua kwamba shujaa aliyeshindwa kwanza ana nafasi kubwa ya kushinda mwishoni, na wanapanga vita kwa kuzingatia hilo. Nimewasikiliza wapenzi wa wagombea waliokuwa wakididimia wakizungumza vivyo hivyo, kwa uso mkavu: ameanguka sasa, maana yake atainuka. Kura hazijui kwamba hii ni sura ya katikati.

Mambo haya hayakuletwa na intaneti. Eugène Sue alichapisha Les Mystères de Paris kwa vipande katika gazeti la Journal des Débats mwaka 1842 na 1843. Shujaa wake, Rodolphe, ni mwana wa kifalme anayejigeuza mtu wa kawaida na kuingia vichochoroni mwa Paris, akiwazawadia wema na kuwaadhibu waovu kwa mkono wake. Wasomaji wa kila tabaka walimwandikia Sue barua kwa mamia, na kadiri mfululizo ulivyosonga naye akazidi kuegemea upande wa maskini aliokuwa akiwaandika. Mwaka 1845 Karl Marx, katika kitabu alichokiandika na Friedrich Engels, alitumia kurasa nyingi kumshambulia Rodolphe kana kwamba ni mpinzani wa kisiasa aliye hai. Marx! Hata yeye hakujizuia. Aprili 1850 wapigakura wa Paris wakamchagua Sue kuwa mbunge. Kabla ya miezi mitatu kwisha, bunge hilohilo likapitisha sheria ya kutoza senti moja kwa kila nakala ya gazeti lenye riwaya ya mfululizo. Louis-Napoléon, aliyekuwa rais wa Ufaransa, alipopindua serikali Desemba 1851, Sue alikwenda uhamishoni, akafia Annecy mwaka 1857. Rodolphe angemaliza mapinduzi yale kwa ngumi mbili, lakini Rodolphe hakuwa kwenye karatasi ya kura.

Karibu zaidi nasi ni Ukraine. Kuanzia 2015 Volodymyr Zelensky aliigiza kwenye tamthilia ya televisheni, Mtumishi wa Watu, kama Vasyl Holoborodko, mwalimu wa historia ambaye hasira zake dhidi ya ufisadi zinarekodiwa kwa siri na mwanafunzi, zinasambaa, na zinampeleka ikulu. Chama kikaandikishwa kwa jina la tamthilia. Aprili 21, 2019, mwigizaji alishinda duru ya pili kwa asilimia 73. Wapigakura walikuwa wamekaa na Holoborodko nyumbani kwake, wamemwona akigombania choo na ndugu zake, wamemjua kwa undani ambao hakuna mgombea mwingine aliweza kushindana nao. Ila waliyemjua alikuwa Holoborodko. Waliomdharau Zelensky kwa sababu ya uchekeshaji wake na waliompenda kwa sababu ya mwalimu yule walifanya kosa moja kwa pande mbili. Urusi ilipovamia Februari 2022, hakuna kipindi chochote cha tamthilia ile kilichoweza kumwambia mtu kama rais angebaki Kyiv au angeondoka. Alibaki. Hilo tulilijua kwa kuliona.

Wanasiasa wenyewe wameshaing'amua faida ya mchezo huu na hujichagulia wahusika mapema. Septemba 2019 Boris Johnson, waziri mkuu wa Uingereza wakati ule, aliifananisha Uingereza na Hulk, jitu la kijani linalozidi nguvu kadiri linavyozidi hasira, likivunja pingu za Umoja wa Ulaya. Mark Ruffalo, aliyeigiza jitu hilo, alimjibu kwamba Hulk hufanya kazi vizuri zaidi akiwa na wenzake. Nikicheka, nacheka na mwigizaji. Lakini tazama jinsi wote wawili walivyokubali kubishana ndani ya uwanja uleule, na jitu la kijani likawa hoja ya sera ya nje.

Kinachonisikitisha ni kwamba mashabiki wa mifululizo wana kipaji kimoja ambacho siasa inakihitaji sana, nao hawaji nacho. Wana kumbukumbu. Shabiki wa kweli atakwambia kwamba kauli ya mhusika katika sura ya 212 inapingana na alichosema sura ya 9, tena atakuonyesha aya. Anajua nani aliahidi nini na nani alikuwepo. Hasamehi mwandishi anayejisahau. Mtu huyohuyo, akihamia kwa mwanasiasa, anaiacha kumbukumbu ile mlangoni na kuingia na mapenzi peke yake. Hakumbuki ahadi ya miaka 3 iliyopita. Anakumbuka kwamba fulani "ana roho ya Catherine". Kama angefanya kinyume, akaleta ukali wa kumbukumbu na kuacha mapenzi kwenye riwaya, wanasiasa wangeogopa mashabiki kuliko waandishi wa habari.

Worm yenyewe inatoa chombo cha kufanyia kazi hiyo. Katikati ya simulizi ya Taylor kuna sura za pembeni, ambazo hazisimuliwi naye. Mwandishi anatutoa kichwani mwake na kutuweka kwa mtu mwingine: adui, askari, mara nyingine mpita njia. Kutoka huko Taylor haonekani anavyojiona. Anaonekana kama umbo lililojaa wadudu, lisilo na uso, linalozungumza kwa sauti inayotoka kila upande, na watu wanafanya linachosema. Matendo ni yaleyale. Kilichoondolewa ni sababu. Mwananchi yuko hapo siku zote, ndani ya sura ya pembeni. Hajawahi kupewa sura ya msimulizi mkuu na hatapewa.

Nilijaribu kuitumia njia hiyo kwa kiongozi mmoja wa kweli, aliye hai, ambaye ninamkubali. Niliweka jina lake kando, nikaandika matendo yake tu, kwa mpangilio wa tarehe, kama anavyoandikwa mtu anayetazamwa kutoka upande wa pili wa barabara: alimteua nani, alimwondoa nani, alinyamaza lini, nani alilipa. Hadi tendo la tatu mambo yalikwenda sawa. Kwenye la nne kalamu ilianza kuongeza maneno yake. "Alilazimika." "Wakati ule hapakuwa na njia nyingine." Nikasimama, maana maneno yale nilikuwa nimeshayasoma, kwa sauti ya msichana wa miaka 15, karibu kila wiki.